Kola za Karatasi

Jirani yangu fundi cherehani huongea huku amebana pini midomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka machache na ya kukwaruza. Tangu mwanawe auawe kwenye maandamano, hushona bila kupumzika, na kila amalizapo mshono hupapasa kitambaa kwa kiganja kana kwamba kina homa. Jana nilikuwa kwake nikipimwa gauni, wakaingia kijana na binti. Walimsalimu fundi kwa jina la "mama yake Mwenyekiti".

"Mwenyekiti?" Alitema pini zote. "Huyu wangu? Kutandika kitanda tu kulimshinda!"

"Alituongoza sote arobaini, mama," binti alisema. "Tunatafuta orodha ya majina. Polisi wakiipata, tumekwisha. Lazima tuichome."

Fundi aligeukia msumari wa ukutani. Karatasi zote za chumbani kwa mwanawe alikuwa amezikata kuwa vielelezo vya kukatia kola, akazitundika pale. Alizishusha msumarini, akazipanga mezani, akayasoma majina taratibu, mwandiko wa mwanawe ukipita chini ya kidole chake. Kisha akawakabidhi vipande vyote isipokuwa kimoja, chenye jina la mwanawe peke yake.

"Hiki niachieni," alisema. "Huyu hawamkamati tena."