Fundi wa Lurambi aliyeishuku mashine kabla ya shemeji

Saa tatu asubuhi mtaani Lurambi, Jael Mideva ameweka mikono yote miwili juu ya meza kama mtu anayekaguliwa na askari. Ndivyo alivyoamriwa.

"Nisikuone ukibonyeza kitu," anasema Philemon Wanjala, mfugaji wa kuku, akiwa amesimama mlangoni.

Mbele yao ni mashine ya kuangulia vifaranga. Jael, 34, fundi wa vifaa vya umeme mjini Kakamega, amechomoa waya wa kipimajoto makusudi. Namba kwenye kioo zimeganda. Baada ya sekunde nane kioo kinazimika, kisha kinawaka chenyewe na mashine inakata joto.

"Nani amewasha?" Philemon anauliza, akichungulia chini ya meza.

Hakuna mtu. Ndani ya kompyuta ndogo ya mashine hiyo mna saa inayohesabu kurudi nyuma. Programu ikiwa nzima, huirudisha mwanzo kila mara. Ikikwama, saa hufika sufuri na kuiwasha mashine upya.

"Tunaiita mlinzi," anasema Jael. "Ilikuwamo tangu kiwandani, lakini aliyeandika programu hakuiamsha."

Kabla mlinzi huyo hajaamshwa, mara mbili joto lilipanda kutoka nyuzi 37.5 hadi kupita 42. Kila mara mayai 480 yaliharibika.

Philemon alimshuku Milcah, mke wa ndugu yake, aliyekuwa na ufunguo wa pili wa chumba cha mashine na ambaye pia huuza vifaranga.

"Alinitumia ujumbe, 'Lete ufunguo.' Basi," anakumbuka Milcah. "Jumapili alikuwa anakulanga kwangu. Akaacha."

Alipoitwa, Jael aliombwa athibitishe kwamba mashine ilichezewa. Alikataa.

"Mimi nashukunga mashine kwanza," anasema. "Mtu baadaye."

Aliamsha mlinzi huyo, akaongeza kumbukumbu inayoandika saa na dakika kila mara mashine inapojiwasha upya. Funguo zote mbili zikabaki mfukoni mwa Philemon kwa wiki mbili.

Walipofungua kumbukumbu, mashine ilikuwa imekwama mara nne. Mara mbili kati ya hizo Philemon alikuwa kanisani, na funguo zote anazo.

"Basi ni mimi nilikosea," akasema Philemon.

Jioni hiyo alimpelekea Milcah ufunguo wake. Milcah aliupokea akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Ufunguo nimechukua," alimwambia. "Hayo mengine, nipe muda."

Jael naye hakuridhika. Mlinzi huamsha mashine, haondoi ugonjwa. Aliendelea kupekua hadi akapata kiungo cha waya wa kipimajoto kimeliwa na kutu kwa unyevu. Programu ilikuwa ikingoja jibu lisilokuja, huku joto likiendelea kupanda.

Sasa anapanga kutengeneza vidhibiti vya joto vyake mwenyewe kwa wafugaji wa Kakamega, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu ambayo mwenye mashine anaweza kujisomea.

"Nataka aone saa na dakika," anasema, "kabla hajataja jina la mtu."