Mzembe wa Ghorofa ya Juu

Fundi viatu, Babu Soli kwa majirani, hakujua kusoma. Kwenye kundi la simu la wapangaji alituma sauti; maandishi ya wenzake alisomewa na mkewe. Tangu amzike, miezi saba sasa, alisomewa na mshonaji wa ghorofa ya juu, aliyegonga mlango kila asubuhi.

"Babu, umeamka, au tugawane viatu?"

"Havikutoshi, mjukuu wangu!"

Bila hodi ile, asingesikia sauti ya mtu mpaka mteja wa kwanza.

Jumanne mshonaji akasahau bomba wazi. Maji yakashuka ukutani, yakalowesha ngozi za viatu Babu alizokwisha kukata. Babu akapandwa na hasira, akabonyeza simu: "Huyu wa juu ni mzembe! Mzembe kabisa!"

Kundi likawaka, sauti juu ya sauti. Muuza duka akasema kweli, mzembe. Dereva akaongeza: na mchafu. Mwingine akamalizia: na mchawi. Habari za ngozi hakuuliza mtu. Mshonaji akajitoa kundini.

Kesho yake mlango haukugongwa. Keshokutwa pia. Babu akanywa chai akiutazama mlango.

Siku ya tatu mteja akaleta kiatu. Babu akakigeuza. "Soli imebanduka hapa nyuma tu."

Akakitazama tena, akacheka.

"Mzee, kuna nini?"

"Miaka arobaini sijamwambia mtu kiatu chake kibovu. Namwonyesha palipobanduka. Jirani yangu nimemtupa jalalani mzimamzima."

Akashika simu. "Jamani, lile neno nalifuta. Jirani aliacha bomba wazi, ngozi zangu zikalowa. Hilo limeniuma. Basi, limeishia hapo. Na wewe wa mchawi, kwani maji yalifika chumbani kwako?"

Babu akapanda ngazi, goti likilalamika. Mshonaji akafungua mlango, uso ameukunja.

"Bomba niliacha, Babu, sikatai. Maji yalikatika, nikasahau kufunga. Lakini mzembe? Mbele ya jengo zima?"

"Nimekosea."

"Wewe ni mzee m..." Akajizuia. "Umeniumiza."

"Nimeumiza, kweli. Kesho ugonge, mama. Kule chini kumekuwa kimya mno."

Mshonaji akamtazama, uso ukafunguka. "Haya, lete hizo ngozi nizipige pasi."

"Pasi? Utaziunguza!"

"Mnasikia? Sijaishika hata pasi, nimeshakuwa muunguzaji!"