Matanga ya Kijana wa Katuni

Nina miaka arobaini na mbili, nauza misumari kwa hadiwea hapa Thika, na wiki jana nililia mbele ya wateja kwa sababu kijana wa manga, zile katuni za Kijapani za mapenzi, alikufa kabla hajambusu msichana wake. Wanjiku, mwenzangu wa kazi, akaniuliza nimefiwa na nani. Ningemwambia ukweli na umri huu? Nikajibu, "Mtu wa karibu sana."

Wanjiku akaeneza habari, na Jumamosi akina mama wa kanisa wakajaa kwangu Ruiru na mkate, maziwa na sukari kilo mbili. Wakaimba, wakaomba. Mimi, mnafiki wa kupindukia, nikaitikia amina huku nikipangusa macho makavu.

"Hebu tuone picha yake," akasema Mama Njeri, mwenyekiti wao.

Kabla sijatunga uongo mwingine, simu yangu ikalia mezani. Nilikuwa nimewaomba wasomaji wenzangu wa WhatsApp hadithi nyingine kama ile. Mama Njeri akaiokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Pole, siz. Sasa soma hii. Huyu pia anakufa, lakini wanabusiana kwanza."

"Ngai!" akasema, akachukua sukari yake.