Tulivyohamisha Kibanja

Barabara sikuwahi kuipinga. Nasema mapema, maana wapo majirani wanaoninunia mpaka leo wakidhani niliwapigia wahandisi kelele ili wasiijenge. Kelele nilipiga, tena sana, lakini zilikuwa za udongo.

Mama alikuwa akiishi Kagoma, wilayani Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba lenye nyumba katikati, alichoachiwa na marehemu baba. Mimi nafundisha Bukoba mjini. Kila nilipokwenda kumwona niliilaani barabara ya zamani, nyembamba, malori ya ndizi yakisukumana na mabasi, ukikutana na lori kwenye kona unaanza kutubu. Tuliposikia inakuja mpya, pana, ya njia nne, nilishangilia. Mama naye alifurahi. "Ni jambo jema, waitu," akasema, "ila ipite kwa jirani."

Haikupita kwa jirani. Nyumba yetu ilipigwa X nyekundu ukutani, na kibanja chote kikawa ndani ya vigingi vya barabara. Tukalipwa fidia ya nyumba, ya migomba, ya mibuni, hata ya kuhamisha kaburi la baba. Sina ugomvi na hayo. Shida ilikuwa kupata pa kwenda, kwani nani atakuuzia kibanja wakati huu ambao kila mtu anataka kujenga kando ya barabara mpya? Tuliambulia kipande cha mlimani, kwenye rweya, mbuga ya nyasi na mawe tunakochungia ng'ombe. Tukajenga, tukamhamishia baba huko, katekista akasali. Mama akasimama kando ya kaburi jipya, upepo ukimvuta kanga, akatazama huku na huku.

"Mume wangu mmemlaza malishoni," akasema. "Mimi msinilete hapa."

Kwetu Mhaya huzikwa kwenye kibanja, chini ya migomba yake, na watu wake wanaendelea kula pale pale. Rweya ni ya mifugo. Mama alikuwa amevuka themanini na kifua kilikuwa kinambana. Alichokuwa akiniambia ni kwamba akifa kabla pale hapajawa kibanja, nitakuwa nimemtupa, yeye na baba pia. Na mama yangu hana mazoea ya kutishia, akisema amesema.

Basi nikapanda migomba. Nilichimba mashimo, nikaleta machipukizi kutoka kwenye kibanja cha zamani, nikamwagilia. Yakageuka njano, moja baada ya jingine. Mama akaja na fimbo yake, akakwaruza chini, ikagonga jiwe. "Umepanda migomba sakafuni," akasema. Niliudhika, jamani! Niliudhika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Udongo wa kibanja hauzaliwi, unatengenezwa. Ule wa kwetu bibi na mabibi waliomtangulia waliutandazia nyasi walizobeba kichwani, wakaulisha samadi na majivu na maganda, mpaka ukawa mweusi, laini, mguu unazama.

"Tuuhamishe," mama akasema.

"Tuhamishe nini?"

"Udongo. Migomba si imehamishwa? Baba yako si amehamishwa?"

Makubwa! Nilicheka. Halafu nikamtazama usoni, kicheko kikaniishia.

Shule zilipofungwa nikaenda Kagoma, nikakuta tingatinga limeshaingia. Lilikuwa linakwangua udongo wetu mweusi na kuupakia kwenye tipa. Hasira zikanipanda, nikaenda nikasimama mbele yake na gauni langu la kanisani.

"Mama, toka hapo, ni hatari!" akapiga kelele msimamizi, mtu wa makamo mwenye kofia ya njano.

"Sitoki! Huo udongo mnaupeleka wapi?"

"Tunaumwaga bondeni. Ni laini mno, barabara haiwezi kukaa juu yake."

"Baba, wewe unakula ndizi?"

"Nakula."

"Basi zima hilo dude unisikilize."

Akalizima. Nikamweleza yote, habari ya baba, ya mama, ya rweya. Alivua kofia akajikuna kichwa. Akasema tipa haliwezi kupanda ule mlima, lakini bonde liko njia moja na sisi, na kumwaga ni kumwaga tu. Ataniwekea chini ya mlima. "Kuupandisha ni juu yako, mama." Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Lo! Niliyasema hayo kabla sijaliona lile rundo. Tuliupandisha kwa toroli, kwa viroba, kwa vikapu. Shemeji zangu walikuja, wake za binamu wakaja na watoto mgongoni. Wengine walikuja kutazama tu, wakacheka kwamba mwalimu amechanganyikiwa anahama na matope. Nikawaambia wacheke huku wamebeba. Toroli likavunjika gurudumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tukabeba kichwani. Mvua zikaanza kulimega rundo, tukalizungushia magogo ya migomba. Shule zilipofunguliwa nikawa naenda kila Jumamosi, shingo inauma mpaka nashindwa kugeuka kuandika ubaoni. Mama alikaa kwenye kigoda kando ya kaburi akitoa amri: anzeni kwa mzee, mzungukeni kwanza yeye.

Tukapanda upya. Safari hii majani yalitoka kijani, mapana, yakapasuliwa na upepo na bado yakatoka mengine. Huko chini lami ikawa inamwagwa, magari yameanza kupita upande mmoja.

Mwaka huu kifua cha mama kilizidi. Jumamosi moja aliniomba nimshike mkono tukatembee. Tulipofika kwenye migomba aliinama, akauingiza mkono udongoni hadi kifundoni, akautoa na nyungunyungu mnene anajinyonganyonga kiganjani. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua fimbo, akachora mstari ardhini, ubavuni mwa baba, mrefu kama yeye.

"Mimi ni hapa," akasema.

"Mama, acha maneno hayo, bado upo!"

"Nipo. Ndiyo maana nachagua mwenyewe." Akautazama mstari wake, akakunja uso. "Lakini hapa hamjatandaza. Kalete nyasi."

Nikashika mundu, nikakata nyasi, nikazileta. Nikapiga magoti kutandaza pale alipochora, machozi yananimwagika, naye amesimama juu yangu ananikosoa kwamba naweka nyepesi mno, niongeze upande wa kichwani.