Mbegu Iliyoliwa Matangani

Wapo watakaokuambia kwamba Benedikta binti Masolwa alikuwa mpole, na kwamba mwaka wa njaa ndio uliomharibu. Waongo wakubwa hao! Benedikta alizaliwa na hasira zake kamili, na watu wa kijijini kwake, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tabora mjini, walikwishazizoea kama moshi wa jikoni. Alimkasirikia anayetwanga mahindi bila kuyanyunyizia maji kwanza. Alimkasirikia anayepepeta pumba zikamrudia usoni. Ukikaanga bisi ukafunua chungu kabla hazijaacha kulia, alikupokonya mwiko. "Toka hapo! Unapika au unachungulia?" Baadaye kidogo ungemkuta amekukalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, anakulisha.

Na kwa mahindi, jamani, alikuwa na haki ya kuringa. Mabichi aliyachoma juu ya makaa yakaiva bila kuungua. Makavu aliyakaanga kwenye gae kwa chumvi, ukiyatafuna jirani anasikia. Bisi zake alizipeleka stesheni siku treni ya Kigoma ilipoingia, kwenye ungo uliofunikwa kitambaa cheupe, na abiria waliowahi kupita hapo hata mara moja walitoa vichwa madirishani kumtafuta. Kwake hakikutupwa kitu. Magunzi yalikuwa kuni, pumba zilikuwa za kuku, na maganda laini alijazia mto wa kulalia.

Yote hayo yalitoka kwenye mbegu. Mama yake alimpa siku alipoolewa: mahindi mafupi, punje ngumu zinazong'aa, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu kama kutu. Kwao walisimulia kwamba babu wa mama yake alikuwa mpagazi, akaipanda na kuishuka njia ya misafara kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, mabega yamechubuka kwa pembe za ndovu za watu wengine, na katika miaka yote hiyo kitu pekee alichorudi nacho kikiwa chake mwenyewe ni hindi moja, alilolificha ndani ya mkeka wa kulalia. Kama ni kweli au si kweli, atafufuliwa nani aulizwe? Ila mahindi yale yalikomaa wakati jirani hajaona hata mbelewele shambani mwake, na fukusi, mdudu wa ghalani, aliyajaribu akayaacha.

Bwana Yoramu, bwana shamba, alipogawa mbegu ya serikali, punje kubwa nyeupe laini, Benedikta aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zote, akaenda kuwapa kuku. Ilipokuja amri ya kila kaya kupanda mhogo wa akiba, akapanda huku amenuna. "Mhogo wao nitaupanda, nisije nikafungwa," alisema. "Lakini mahindi ni ya mama."

Kila mavuno alichagua yaliyo bora, akayasuka kwa maganda yake, akayaning'iniza jikoni juu ya mafiga, moshi uyalinde. Hayo hayaliwi. Mtoto alie, mgeni aje, hayaliwi.

Basi mwaka wa arobaini na tisa mvua ikadanganya. Ilinyesha wiki mbili ikatoweka, mashamba yakakauka yamesimama. Watu walipanga mstari tangu alfajiri kungojea unga wa njano wa msaada, na wakiupata wanasema unanuka gunia. Mhogo wa amri ukaliwa ukaisha, ghala la Benedikta likabaki vumbi tupu. Juu ya mafiga yalibaki mahindi ishirini na mawili, meusi kwa moshi, na ndiyo yaliyobaki katika nyumba nzima. Wanawe walilala wanayatazama. Tobias, mkubwa wao, siku moja alisema, "Mama, moja tu." Alipigwa kofi, na mama yake akaenda kulia nyuma ya nyumba, kisha akarudi amekasirika zaidi.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kuonekana upande wa Nzega, mzee Luhende, baba mkwe wake, akafariki, na msiba ukawekwa nyumbani kwa Benedikta.

Msiba wa Mnyamwezi bila watani ni msiba wa mtu aliyeokotwa. Na Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zao na babu zetu walipokutana njiani, wakatukanana, wakauguzana, wakazikana. Akaja Mabruki, Mzaramo anayekaa mtaa wa Chemchem mjini, fundi wa reli, aliyetaniana na marehemu miaka ishirini. Kazi yake aliifanya yote. Alichimba kaburi, akajilaza ndani yake, akasema ni pazuri kuliko kwake, marehemu atafute pengine. Waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yanawatoka.

Kisha akaingia ndani kunyakua, maana ndiyo desturi. Mtani akinyakua kitu msibani, wenye msiba hukikomboa kwa chochote kidogo, sigara au kibuyu cha pombe. Wasipokikomboa, ni chake. Na kukasirika hakuna ruhusa. Anayemkasirikia mtani amemharibia marehemu safari.

Mabruki alitaka kitu kitakachouma. Akazunguka, akaingia jikoni, akatazama juu. Mtu wa mjini huyo, unga wake hutoka dukani! Aliona mahindi yametunzwa, basi, hakuona zaidi. Akayavaa shingoni kama mkufu, akamwendea Anton, mume wa Benedikta, aliyekuwa amekaa ukutani pamoja na wanaume.

"Mtumwa wa babu yangu! Komboa mali yako, au nakula."

Sasa huyo Anton alikuwa mtu wa maneno, na siku ile alikuwa analia, kichwa kimeinama, na watu wote wanangoja atajibu nini. Hakuinua macho. Narudia, hakuinua macho! Akasema, "Kuleni tu, enyi wafa njaa. Kwenu mmezoea kutafuna mchanga wa pwani."

Kicheko kikapasuka. Mabruki akauliza tena kama inavyopasa, "Hukomboi?"

"Sikomboi. Pikeni, mshibe walau siku moja!"

Ulimi hauna mfupa. Mabruki akaketi, akayapukuchua yote ishirini na mawili, akawapelekea wapishi pale nje. Wapishi walikuwa wanawake wa kijiji jirani. Waliuliza, wakaambiwa mwenye nyumba karuhusu. Hawakuuliza mara ya pili, nao walikuwa na njaa. Wakatia kunde, wakachochea moto tangu asubuhi mpaka alasiri, maana zile punje hazilainiki upesi.

Muda wote huo Benedikta alikuwa ndani, amekaa na mama mkwe wake mjane, kama ilivyompasa mke wa mwana wa marehemu. Alasiri ikaletwa sahani ya kande. Akala. Jamani, alikula! Siku mbili hakuwa ametia kitu kinywani isipokuwa uji mwepesi. Akaiona sahani tupu mbele yake, akauliza kama ipo nyingine, ikaletwa, akala na hiyo.

"Mahindi ya nani haya?" akauliza. "Matamu hivi?"

"Ya hapahapa msibani, mama," akajibiwa.

Ulimi wake ulijua. Mimi nasema ulijua, mwanamke aliyeweza kuonja unga akakwambia umetwangwa na nani! Lakini tumbo liliuambia ulimi nyamaza, ukanyamaza. Mwenye njaa hana miiko.

Alipomaliza akachukua sahani kuirudisha jikoni. Akainua macho kama alivyozoea kila akiingia. Akaona kamba tupu.

Kisha sahani ikapasuka ukutani, na Benedikta akatoka na mchi mkononi, khanga imemlegea kichwani, anapita katikati ya wanaume bila kumwamkia mtu.

"Nani?" akasema. "Nani aliyepanda jikoni mwangu?"

Mabruki alidhani ni utani umekolea. Akacheka, akasema, "Mimi, mtumwa wangu. Umeshiba?"

"Mjinga wewe! Mpumbavu wa kuzaliwa! Ile ilikuwa mbegu!"

Kofia ikamtoka Mabruki kichwani. "Mtani, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Mumeo nilimwuliza mara mbili, akasema hakomboi. Kesho nitakuletea gunia la unga kutoka mjini."

"Unga unaota? Nakuuliza, unga unaota?"

Anton akainuka, akamshika mkono. "Mama Tobias, tulia. Watu wanatazama. Ni utani tu."

Akamgeukia. Hapo ndipo hasira ilipopata mwenyewe. "Utani! Mwenzio kaja kukutania wewe, nawe ukanitania mimi. Alikuuliza mara mbili. Mara mbili, Anton! Sigara moja ungetoa, na unayo mfukoni, nimeiona. Mvua ikinyesha kesho utapanda nini? Utapanda utani? Wanao utawapikia kicheko?"

"Nilikuwa nalia baba yangu," Anton akasema.

"Ungelia na macho ukayafungua!"

Mzee Shilinde, mkubwa wa ukoo, akakohoa. Aliona vibaya, ilionekana usoni, lakini desturi ni desturi. "Mama Tobias," akasema, "mbegu imeuma, hilo tumelisikia. Lakini umemkasirikia mtani mbele ya maiti yetu. Toa kuku."

Basi hasira, hasara. Aliyelia mbegu ndiye akatozwa faini, na waliokula wakakaa wanachokoa meno. Benedikta alikwenda bandani, akamkamata jike la mwisho, akambwaga miguuni pa Shilinde. "Haya, na huyu kaleni. Mmebakiza nini? Mimi? Nipikeni!"

Matanga yalipoanuliwa hakumsemesha Anton. Mawingu yalikuwa yanazidi kuwa mazito. Ilibaki njia moja tu. Apolinaria, mdogo wa mama yake, aliyeolewa Nzega, alipewa mbegu ileile zamani. Kama naye hana, basi imekwisha duniani. Benedikta akaenda mjini, akaomba nafasi juu ya lori la chumvi, akakaa juu ya magunia kutwa nzima, na njia nzima alikuwa akiwahesabia makosa yao mmoja mmoja: Mabruki, Anton, wapishi, Shilinde, serikali na unga wake, mvua. Utingo alimwuliza kama anaumwa. Akamwambia ashughulike na kamba zake.

Alimkuta Apolinaria ameketi mlangoni na ungo mtupu mapajani, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sura hiyo imeleta nini?"

"Mbegu ya mama imeliwa."

Apolinaria akaweka ungo chini. "Kwetu," akasema, "anayekuja kuomba mbegu iliyoliwa husema kwanza nani kaila. Nakusikiliza."

Loo, aliulizwa alichokuwa amejiandaa kukijibu! Akamwaga yote. Mtani mwenye macho yasiyoona. Mume mwenye mdomo mpana. Wanawake wa kijiji jirani, watu wazima, wanaona punje za moshi wanazitia chunguni! Akaeleza na kuku. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Yule mama alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Ulikula?"

Benedikta akatazama barabarani. Palikuwa na mbuzi wawili tu wanapita, lakini aliwatazama sana.

"Nilikula," akasema.

"Kiasi gani?"

"Sahani mbili. Ya pili niliomba mwenyewe."

"Yalikuwa matamu?"

Alitaka kusema uongo, na uongo alikuwa nao tayari mdomoni. "Matamu, mama mdogo. Matamu, matamu! Watoto sikuwaachia." Akaanza kujipiga mapajani kwa ngumi, analia kwa uchungu na ghadhabu, kelele mpaka majirani wakatoka. "Nilijua! Tonge la kwanza nilijua, nikameza!"

Apolinaria hakumbembeleza. Alingoja ngumi zichoke.

"Mimi," akasema, "mwezi uliopita nilitafuna mahindi sita ya mbegu. Makavu hivyohivyo, sikuwasha hata moto, nisisikike. Mlango nimeufunga. Hapakuwa na mtani wala msiba. Nilikuwa mimi na Mungu." Akaingia ndani akijishika kiuno, akatoka na mahindi manne yamefungwa kwenye kitambaa. "Yaliyobaki ni saba. Haya yako. Ukiyala, usije tena."

Alirudi kwa miguu na kwa magari ya watu, siku tatu, kitambaa kimefungwa tumboni kama mimba. Mvua ilimpata njiani. Alipofika kijijini ardhi ilikuwa imelowa vizuri, na Anton alikuwa shambani peke yake tangu asubuhi, amekwisha kusafisha eneo lote, amesimama na jembe hajui achimbie nini.

Alimwona mke wake anakuja, akaona na kitambaa. Uso ukamlegea. Akafungua mdomo. Huenda alitaka kuomba radhi, huenda lilikuwa neno la kumchekesha, hakuna anayejua.

"Nyamaza," Benedikta akasema. "Chimba."

Anton akachimba. Yeye akamfuata nyuma, hasira ipo palepale kifuani, punje moja kila shimo, anafukia kwa kisigino.