Gemu Niliyosema Haipitiki

Mimi ni jaji. Ukinikuta pale saiba ya Mamboleo, Kisumu, nikitoa fotokopi za vyeti vya watu hutadhani, na dada yangu akitaka kunichokoza mbele ya wateja huniita "Mheshimiwa", lakini ni kweli. Huu ni mwaka wa tatu. Nahukumu gemu.

Si zile za dukani. Kuna gemu za zamani za kuruka, ambazo kijitu kidogo kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kinaruka mashimo, kinakwepa misumari, hadi kifike mlangoni. Tulizicheza tukiwa wadogo zikatuishia. Sasa kuna watu huko duniani waliokataa ziishe. Wanazifungua, wanajenga dunia zao wenyewe ndani yake, ngumu kiasi kwamba shimo moja laweza kukuua mara mia mbili kabla hujajua mguu uuweke wapi. Wanatengeneza kwa mapenzi tu, na mara moja kwa mwaka wanazileta shindanoni. Sisi majaji, ambao pia ni wa mapenzi tu, tunazicheza na kusema ipi ni nzuri.

Niseme ukweli, nilijiunga kwa ajili ya ndoto. Shule niliachia kidato cha pili na Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini vidole ninavyo. Nilijiambia siku moja nitatengeneza gemu ya huku kwetu, yenye soko la Kibuye ndani, marobota ya mitumba ya kurukia, wachuuzi wakikuvuta shati ukipita, na kijitu kikifika mwisho kinamkuta mama anakaanga samaki. Bado sijaitengeneza. Kila mwaka nasema mwaka huu.

Jaji anajiuliza swali moja kwanza: nikifa, ni kosa la nani? Kama niliruka vibaya, la kwangu. Kama mtengenezaji ameficha mwiba mahali ambapo hakuna binadamu angeuona, la kwake, na anapunguziwa alama. Halafu kuna zile zisizopitika kabisa. Mtu ameweka pengo pana kuliko kijitu kinavyoweza kuruka, kwa kutojua au kwa ukorofi tu. Jaji akiandika "haipitiki", gemu inatoka shindanoni. Raundi ya kwanza kila gemu ina jaji mmoja na siku saba, na jaji haruhusiwi kumuuliza mtengenezaji lolote. Hata anatoka wapi hatuambiwi. Neno la jaji ni la mwisho. Niliipenda sana hiyo sheria, kwa sababu kwingine kote neno langu huwa halina mwisho wala mwanzo.

Mwaka huu mkuu wetu wa majaji, ambaye sijui anaishi nchi gani, ila kwangu kukiwa saa ya chakula cha mchana yeye ndiyo anaamka, alinitumia faili moja na maneno machache: ina ziwa ndani, nikakukumbuka.

Nilipoifungua nilipiga kelele mpaka mteja akadondosha kitambulisho. Ilikuwa ni huku! Kijitu chenyewe kilikuwa mvuvi mwenye shati jekundu. Hatua ya kwanza unaruka juu ya nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, na ukisimama sana kwenye wavu mmoja unazama katikati kama kitanda kibovu. Hatua ya pili unakutana na ndege korongo, wale wakubwa wenye upara wa pale jalalani, wamesimama kama wazee wanaongoja kikao kianze. Ukimkanyaga mmoja kichwani anakasirika, anakurusha juu, na hiyo ndiyo ngazi yako. Nilicheka peke yangu. Korongo niliwapa alama kumi juu ya kumi hapo hapo. Nilikufa mara nyingi, na kila mara kosa lilikuwa langu. Huyo ni mtengenezaji, nikasema. Huyo anatujua.

Siku mbili zikanifikisha hatua ya mwisho.

Hapo mvuvi anasimama ndani ya mtumbwi uliokwama. Kule kulia, ng'ambo, kuna nyumba ya mabati yenye mlango wazi. Katikati ni maji, na kwenye hiyo gemu maji yanaua. Juu ya maji zinaelea jerikeni za njano, zile wavuvi wanazofungia kwenye nyavu ili wazione. Ziko tano. Na kila baada ya muda magugu maji yanakuja kutoka kulia, kijani kizito chenye maua ya zambarau, yanafunika jerikeni zote na kugonga ubavu wa mtumbwi. Yanakaa hapo. Halafu upepo unayasukuma yanakwenda zake.

Mtu yeyote wa huku anajua unachofanya magugu yakija. Unangoja. Nimeona pale ufukweni Dunga mitumbwi imefungwa siku nzima, wanaume wameketi wanashona nyavu, mmoja anainua uso kila mara kuangalia majani ya miti yanapepea upande gani. Hakuna anayekwenda kuyakanyaga. Mtoto wa miaka minne anajua ile ni bustani ya juu juu tu, chini yake ni maji meusi. Kwa hiyo nilingoja. Sikufikiria hata. Ni kama kungoja lori lipite ndiyo uvuke barabara.

Yakishaondoka naruka. Jerikeni ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na zote zinazama ukichelewa. Kutoka ya nne kwenda ya tano, maji. Nikarudia. Maji. Nikarudia siku nzima, nikisimama tu kumpigia mtu chapa barua yake, halafu narudi, maji.

Siku ya tano dada alinipitia akitoka Kibuye, anakouza nguo za watoto. Akavuta kiti, akavua viatu, akatazama.

"Mheshimiwa, mtu wako amekufa."

"Nimeona."

"Amekufa tena."

"Dada, tafadhali."

"Na hana hata wa kumlilia. Leo ni mara ngapi?"

"Mia na kitu."

"Mia! Na kesho utaniambia umechoka kuchota maji mara mbili."

Wakati tunabishana magugu yakaja, na kidole changu kikateleza, mvuvi akasogea hadi ukingo kabisa wa mtumbwi. Dada akanishika mkono kwa nguvu.

"Weee! Usishuke hapo! Hayo si magugu? Utazama, omera, ndugu yangu!"

"Kwani sijui?" nikamwambia, nikamrudisha nyuma.

Siku ya saba nilipima. Nilihesabu vijiraba vya picha, ile miraba midogo midogo, kimoja kimoja kwa rula ya plastiki juu ya kioo. Mvuvi anaruka vijiraba sita. Pengo la mwisho ni vinane. Nikajaribu kila ujanja ninaoujua, na ninaujua mwingi. Nilikuwa karibu kulia, kwa sababu hii ndiyo gemu niliyotaka kuitengeneza mimi, na ilikuwa imeharibika kwa vijiraba viwili. Nikaandika: haipitiki. Chini yake, kwa kuwa nilihisi lazima niseme jambo, nikaongeza: mtengenezaji ana moyo mzuri lakini hakupima.

Jumamosi matokeo yakatangazwa. Siku hiyo gemu zote hufunguliwa kwa umma, zilizopita na zilizotolewa, na yeyote anaweza kujaribu. Jumapili baada ya kanisa nikafungua simu nikakuta video. Mtu fulani, kwa lafudhi yake ni wa mbali sana, alikuwa anaicheza ile hatua ya mwisho. Amesimama kwenye mtumbwi. Magugu yakaja yakagusa mtumbwi. Akashuka, akatembea juu yake.

Alitembea tu, hata hakukimbia. Akafika ng'ambo, akaingia mlangoni, muziki ukalia. Haikumaliza dakika. Hakuwa amefanya jambo la akili. Kwake kile kilikuwa kitu cha kijani, na kwenye gemu za kuruka kijani ni nyasi, na nyasi hukanyagwa. Chini ya video watu walikuwa wanacheka: jaji wa hii alikuwa amelala? Jaji alikuwa anacheza kwa miguu?

Nilibaki kwenye benchi nje ya kanisa, watu wakienda zao. Dada akaniuliza kama ni tumbo. Nikamwonyesha. Akaitazama video mara mbili, halafu akasema polepole, "Lakini hayo hayakanyagiki." Na hakunicheka. Heri angenicheka.

Nikamwandikia mkuu wa majaji, nikitafuta kila neno kwenye kamusi ya simu. Kosa ni langu. Gemu inapitika. Nakuomba uirudishe. Akajibu kwa upole, huyo si mtu mbaya. Alisema orodha ikishatoka haibadiliki, raundi ya pili imeanza, na wakibadilisha moja itabidi wabadilishe nyingi. Alisema majaji wote hukosea. Mwisho akaweka kile kialama cha uso unaotabasamu.

Matokeo yakitoka majina ya utani ya watengenezaji nayo huonekana, na mtu anaweza kumwandikia jaji wake. Jumatatu nikapata ujumbe, kwa Kiswahili.

"Habari jaji. Ile gemu ni yangu. Nimeona video. Wewe ulishindwa wapi?"

Nikamwambia kila kitu. Nilingoja magugu yaondoke, nikaruka jerikeni.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kisumu."

Halafu: "Sasa nimeelewa. Mimi niko Luanda Kotieno, ziwa hili hili." Na baadaye kidogo: "Hizo jerikeni niliziweka za urembo."

Nikaomba msamaha tena. Akaandika, "Mimi hainiumi sana. Ni baba. Njoo umwambie mwenyewe, mimi nimeshindwa."

Jumapili iliyofuata nilifika. Yeye na mama yake wanakaanga samaki karibu na pale feri inaposhusha watu, na alikuwa wa rika langu, amejifunga leso, mikono ina unga. Alinisalimia bila kuniangalia sana. Alinieleza huku anageuza samaki, kama mtu anayeeleza habari za jirani. Mwaka mmoja magugu yalifunga ufukwe, na baba yake alikuwa ndani ya ziwa na mtumbwi. Alikwama siku mbili. Alikuwa karibu hivi kwamba waliliona shati lake, na asubuhi upepo ukitulia walimsikia akikohoa. Kamba haikufika. Mtumbwi mwingine haukupenya. Walisimama tu. Upepo ulipogeuka akatoka, akala, akalala, na tangu siku hiyo hajaingia ziwani.

"Sasa nikamtengenezea gemu ambayo anatembea," akasema. "Nilimwambia inashindana dunia nzima. Kila jioni ananiuliza, wamesema nini. Jumamosi ya matokeo nikamsomea ulichoandika."

"Akasema?"

"Akasema, kwa hivyo hafiki?"

Baba mwenyewe alikuwa nyuma ya kibanda anamenya viazi. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Wewe ndiye jaji?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilidhani jaji ana tumbo." Akanisogezea ndoo iliyofunikwa nikae. "Umesema huyo mtu hafiki nyumbani."

"Nilikosea, mzee. Anafika. Mimi niliogopa kuyakanyaga."

"Hukukosea, nyathina." Mtoto wangu, aliniita, na hilo lilinimaliza kabisa. "Hayo hayakanyagiki. Nilimwambia huyu msichana. Aliniambia, baba, kwa gemu yanakanyagika."

"Ndiyo yanakanyagika," binti akasema kutoka jikoni. "Mimi ndiye nimetengeneza. Nikisema yanakanyagika yanakanyagika."

Nikafungua laptop juu ya magoti. Nikafa mara tatu mbele yake kwenye korongo, na kila mara alisema "pole" kana kwamba nimejikwaa. Tulipofika mtumbwini aliacha kumenya. Magugu yakaja. Hata sasa nikijua, kidole kilikataa. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikakilazimisha. Mvuvi akashuka. Akasimama juu ya maua yale ya zambarau, hakuzama. Nikamtembeza taratibu, kwa sababu sikuthubutu kukimbia, hadi mlangoni.

"Amefika," mzee akasema.

"Amefika."

"Sasa andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Si wewe ndiye jaji? Andika kwamba amefika. Hapo mlipoandika hafiki."

Nilimweleza. Orodha ikishatoka haibadiliki. Nimewaomba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi, akiitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu anayesikiliza uongo.

"Waombe tena," akasema. "Uko na simu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni sasa. Nikatoa simu. Nikaandika tena, maneno yale yale ya kamusi, na nikaongeza kwamba niko hapa, na mwenyewe yuko hapa, na amefika. Nikabonyeza. Mzee akaja akasimama nyuma ya bega langu akitazama kile kioo, ingawa Kiingereza hakisomi. Watu wa feri walikuwa wanashuka na kuku na magodoro, mama akawaita waje wale samaki wakiwa moto.

Jibu halikuchelewa. Lilikuwa fupi kuliko la kwanza, na la upole vile vile.

"Wamesema nini?" akauliza.

Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya goti.

"Network imepotea, mzee," nikasema. "Tungoje kidogo."