Maji ya Kutasa

Tryphena Wakesho alikuwa amechoka, na si uchovu wa treni ya Nairobi hadi Voi peke yake. Tangu arudi na shahada yake ya ng'ambo, alikuwa amejifungia maabarani na seli za ng'ombe waliougua homa ya kupe. Kimelea cha homa hiyo kikishaingia ndani ya seli, seli huanza kugawanyika ovyo, kana kwamba imeamriwa. Imeamriwa na nani? Na amri hiyo hupitia wapi hadi ifike kwenye jeni na kuiamsha? Hayo tu ndiyo aliyotaka kujua, nayo yakamla ujana wote. Seli zilitaka kulishwa na kuangaliwa kama mtoto mchanga, na mtoto wake mwenyewe hakuwahi kumpata.

Mamake alipofariki, Tryphena alikuwa katikati ya jaribio. Hakuja mazishini. Tangu siku hiyo babake, Mzee Obadiah, hakumtumia hata salamu. Sasa ilikuwa 1984, mwaka wa ukame, mzee amedhoofika, na kakake Tryphena, Thadeus, akamwita nyumbani Mbololo: njoo Baba atase, asije akaondoka na hasira moyoni.

Kutasa kwenyewe, desturi ya Wataita, si kazi. Mwenye kinyongo hujaza maji kinywani, huyapuliza nje, kisha husema moyo wake umetulia. Mzee Obadiah alikuwa mzee wa kanisa, lakini hili hakulihesabu kuwa dhambi, na mchungaji alijua kutazama kando.

Tryphena alipofika, Thadeus akamletea mzee kikombe. Maji yalikuwa yamepandishwa na punda kutoka bondeni, na mle nyumbani hakuna aliyekuwa amekunywa akatosheka. Mzee akajaza kinywa. Wakangoja. Koo likacheza, akameza.

"Baba! Umemeza!" Thadeus alijishika kichwa, maana kumeza ni kuirudisha hasira ndani.

"Nimemeza," mzee akasema kwa haya. "Mwaka huu maji hayatemeki, mwanangu."

Tryphena alitamani kucheka, hakuweza. Thadeus akaleta kikombe kingine, mzee akakisukuma.

"Wacha. Hasira yenyewe bado iko. Huyu kesho anarudi kwa vitu vyake vya chupa. Sasa mimi nitatema nini?"

Alisema kweli. Jaribio la mwaka mzima lilikuwa linamngoja Tryphena Jumatatu, na hakuna mwingine aliyejua kulimaliza. Akachukua mkoba wake bila kuaga, akashuka Voi, akaingia posta na kumpigia simu Munyao, fundi wa maabara yake.

"Zile seli zimwage."

"Zote, Daktari? Si Jumatatu ndiyo tunamaliza?"

"Zimwage, Munyao. Siji."

Aliegemea ukuta wa posta akalia, na watu wakampisha wakidhani amefiwa. Kisha akaupanda mlima wa Mbololo tena.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni, akiamini bintiye ameshapanda treni. Alipomwona, alijikongoja kuinuka.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Baba."

Mzee akaitisha kikombe mwenyewe. Safari hii aliyapuliza maji yote, hata Thadeus akaruka pembeni.

"Sina neno nawe tena, mwanangu. Moyo umetulia. Sasa rudi kazini kwako, usichelewe kwa sababu yangu."

Tryphena alijifuta matone usoni, akamshukuru babake, wala hakumwambia kwamba kazi yenyewe ilikuwa imeshamwagwa.